Watoto wa kanisani na madrasa ndio wanaosoma Kiswahili vizuri darasani kwangu. Ni dini, au kuna kitu kingine?

#1 Chaki Nyeupe

Mbukwenyi wakuu.

Nafundisha Kiswahili darasa la tano, shule ya kijijini huku Chamwino. Watoto 84 chumba kimoja. Mwezi uliopita niliamua kumsikiliza kila mtoto peke yake. Nikakaa chini ya mwarobaini na daftari, kila mmoja anakuja anasoma hadithi ya nusu ukurasa. Ilinichukua siku sita. Waliosoma moja kwa moja bila kusilabisha walikuwa 11 tu, na hilo lenyewe limeninyima usingizi, ila silo lililonileta hapa.

Jioni nikiwa nayapitia majina nikaona jambo. Kati ya hao 11, tisa ni watoto wa dini. Wanne wanasoma neno kanisani Jumapili, wawili wako kwaya ya watoto, watatu wanakwenda madrasa kila jioni. Kuna binti mmoja alikutana na neno "ajaye" akapita nalo kama maji. Wenzake wengi walikwama hapo, wengine walisoma "ajae", wengine "ajaya". Nikamuuliza, hili neno umelijulia wapi? Akasema, "Mwalimu, si lile la 'amwaminiye' la kanisani?" Yaani virejeshi vya mwishoni mwa kitenzi, ambavyo mtaani hakuna anayevitumia, mtoto wa miaka 11 amevichukua kwenye Biblia.

Sasa shemeji yangu anakaa Area D, ana shahada ya pili. Nilipomsimulia alikataa katakata. Anasema mambo ni kinyume: mtu anavyozidi kusoma ndivyo dini inavyompungukia, na wazungu walishalichunguza hilo likaisha. Tulibishana mpaka ugali ukapoa.

Nauliza kwa dhati kabisa. Imani inamsaidia mtoto kujua lugha na shule? Au shule inaondoa imani? Au vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja? Walimu wenzangu, wachungaji, mashehe na wasiosali pia, karibuni.

#2 Ntyuka Juu

Nimeshavuta kigoda. Uzi kama huu haupiti bure.

#3 Bint Irangi

Asante mwalimu kwa kuwakumbuka watoto wa madrasa, maana mara nyingi tunasahaulika.

Mimi ni wa Kondoa, nimepita madrasa kuanzia miaka mitano. Nikwambie kilichonisaidia. Ustadhi alikuwa anatuita mmoja mmoja, unakaa mbele yake, unaweka kidole kwenye herufi, unasoma. Ukikosea anakurudisha mwanzo wa mstari. Ukikosea tena, mwanzo tena. Hakuna kujificha nyuma ya wenzako. Shuleni tulikuwa 90 na zaidi, tukisoma kwa kuimba wote pamoja, mtu anaweza kumaliza mwaka mzima anafungua mdomo tu.

La pili ni sauti. Darasa la pili wenzangu walikuwa wanaandika "zambi", "selasini", "gali". Mimi "dhambi", "thelathini", "ghali" sikuwahi kukosea, kwa sababu herufi za Kiarabu dhali, the na ghaini nilishatandikiwa nikiwa sijui hata kushika penseli. Mwalimu wa Kiswahili alinipenda kwa hilo tu.

Kwa hiyo kwangu ni ile kusomeshwa ana kwa ana kila siku Mungu aliyoijalia. Imani yenyewe sijui kama iliongeza herufi. Labda iliongeza subira.

#4 Kokoto

Mwalimu, swali lako zuri ila hesabu yako haijakamilika. Umetuambia waliofaulu tisa kati ya 11 ni wa dini. Je, hao 73 waliobaki, wangapi ni wa dini vilevile? Chamwino naijua, kila kitongoji kina kanisa. Kama darasa zima linasali, basi tisa kati ya 11 haina ajabu yoyote. Ni sawa na kusema wote waliofaulu wanakula ugali.

Hesabu kwanza wasiofaulu, ndipo turudi hapa.

#5 Chaki Nyeupe

Kokoto, umenishika pabaya lakini kwa haki. Sikuwahesabu. Nipe siku chache nipite tena, nitawauliza wenyewe na wazazi wao.

Bint Irangi, hilo la kusoma mmoja mmoja limeniingia. Mimi mwenyewe nimewasikiliza mmoja mmoja mara moja tu tangu mwaka uanze.

#6 Behewa la Nne

Mbona jibu liko wazi tukitazama historia? Huku kwetu shule na dini vilishuka kutoka mgongo mmoja wa mpagazi. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifika Mpwapwa mwaka 1876 wakiwa njiani kwenda Uganda. Walipojenga kanisa walijenga na darasa, kwa sababu ukitaka kubatizwa lazima ujue kusoma. Angalia ramani: Mpwapwa, Kongwa, Mvumi, Kilimatinde. Palipokuwa na misheni ndipo palipotoka makarani, manesi na walimu wa kwanza. Shule ya Mazengo iliyosomesha vigogo wengi wa nchi hii ilianza kama shule ya makanisa, na leo pale pale pamekuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana.

Kiswahili chenyewe kimeandikwa na wamisionari. Biblia ya kwanza ya Kiswahili ilitoka 1952, na shule nyingi zilikuwa za makanisa mpaka Mwalimu Nyerere alipozitaifisha 1967 na Azimio la Arusha.

Kwa hiyo mtoto wa muumini anasoma vizuri kwa sababu babu yake alisoma. Vizazi vitatu vya vitabu ndani ya nyumba. Imani ya mtoto mwenyewe wala haihusiki.

#7 Mzee wa Makole

Behewa la Nne, hoja yako ina nguvu lakini miaka umeichanganya. Ruhusa nikusahihishe.

Moja, iliyotoka 1952 ni tafsiri ya Union, ile iliyounganisha lahaja. Kabla yake Askofu Edward Steere wa Zanzibar alikuwa ametoa Agano Jipya 1879, na Biblia nzima ya Kiunguja ilipatikana 1891. Mbili, kutaifisha shule kulikuja na Sheria ya Elimu ya 1969, utekelezaji ukaanza 1970. Mwaka 1967 ilikuwa Azimio lenyewe na mabenki. Tatu, na hili ndilo kubwa, Kiswahili hakikuandikwa kwanza na wamisionari. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844 akakuta watu wa pwani wana tenzi zao kwa herufi za Kiarabu tangu karne iliyotangulia na kabla. Hata huku bara, Kiswahili kilifika Kondoa na Mpwapwa na misafara ya biashara kabla ya mzungu kujenga chochote.

Sasa niseme la kwangu. Mama yangu hakuwa Mkristo wala Mwislamu. Alikuwa Mgogo wa mila, anaomba mvua kwa wazee wake mpaka alipofariki. Mwaka 1971, Operesheni Dodoma, tukahamishiwa kijiji cha ujamaa. Jioni wakina mama wakawa wanakusanyika kwenye kisomo cha watu wazima, taa ya chemli moja, ubao umepakwa masizi ya betri. Mama alikwenda na mtoto mgongoni. Miezi minane baadaye alisoma barua ya kaka yangu kutoka jeshini, mstari kwa mstari, kidole kwenye karatasi, na alipomaliza aliikunja akaiweka kwenye kanga akatoka nje. Hakutaka tumwone analia.

Nchi hii mwaka 1967 karibu watu saba katika kila kumi walikuwa hawajui kusoma. Kufikia 1986 serikali ilitangaza kwamba tisa katika kila kumi wanajua. Hiyo kazi haikufanywa na padri wala shehe. Ilifanywa na chemli na uamuzi wa nchi.

#8 Ntyuka Juu

Mzee wa Makole, hiyo ya barua na kanga imenikaa kifuani. Asante.

#9 Daftari la Utafiti

Niko Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), nasoma mambo ya elimu. Nimsaidie shemeji ya mwalimu, maana hakosei kabisa ila amebeba nusu ya mzigo.

Nusu anayoijua yeye ni hii. Kanada, mchumi Daniel Hungerman alitazama watu waliolazimishwa na sheria kukaa shuleni mwaka mmoja zaidi. Makala yake ya 2014 ilionyesha kila mwaka wa ziada ulipunguza kwa takriban pointi 4 za asilimia uwezekano wa mtu kujitaja kuwa na dini yoyote. Uzuri wa kazi hiyo ni kwamba hawakujichagulia wenyewe kusoma, sheria iliwasukuma, kwa hiyo huwezi kusema waliosoma walikuwa tayari na mashaka. Pia kuna Miron Zuckerman na wenzake, 2013, waliokusanya tafiti 63 wakaona waliopata alama za juu kwenye majaribio ya akili walikuwa na dini kidogo zaidi, kwa wastani. Nyingi kati ya hizo ni za Marekani.

Nusu asiyoijua ni hii. Marekani kwenyewe, kituo cha utafiti cha Pew kilionyesha mwaka 2017 kwamba waliomaliza chuo kikuu wanaosema dini ni muhimu sana kwao ni asilimia 46, na wenye elimu ya sekondari kushuka chini ni 58. Lakini ukiwatazama Wakristo peke yao tofauti karibu inafutika: waliosoma wanakwenda kanisani sawa na wasiosoma, hata kuwazidi kidogo. Maana yake elimu inaweza kumtoa mtu mmoja na kumshikisha mwingine.

Na ukija Afrika picha inageuka. Pew, Desemba 2016, walihesabu miaka ya shule. Kusini mwa Sahara Wakristo wazima walikuwa na wastani wa miaka 6.0, Waislamu 2.6. Ukiweka takwimu hiyo peke yake mezani utadhani dini inasomesha au inazuia. Ndiyo maana naiweka pamoja na onyo: inapima waliofika shule ya nani, mahali gani, na nani aliyeijenga.

#10 Bint Irangi

Daftari, afadhali umeongeza hilo onyo, vinginevyo ningekujia juu.

Babu yangu hakupelekwa shule, na sababu naijua kwa sababu alinisimulia mwenyewe. Shule iliyokuwa karibu ilikuwa ya misheni. Baba yake aliona watoto wa jirani wamekwenda wamerudi na majina mengine. Akasema wangu hapana. Je, huyo mzee alikataa elimu? Alikuwa anamfundisha babu Kurani kila alfajiri! Babu alikuwa anaandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu mpaka uzeeni, na kwenye hesabu za Pew angeandikwa miaka sifuri ya shule.

Kinachopimwa ndicho kinachoonekana. Naumia kila nikiona babu yangu anahesabiwa mjinga.

#11 Mnyaturu wa Ilongero

Poleni na majukumu. Watani zangu Wagogo, nimewasoma wote, sasa msikilizeni Mnyaturu.

Bibi yangu anaijua Zaburi ya 23 yote, ya 91 yote, na nyimbo zaidi ya mia. Ukimpa Biblia anaishika juu chini. Siku moja nilimgeuzia kitabu, akaniambia, "Mjukuu wangu, maneno yako humu," akagusa kifua. Imani anayo kuliko mimi na ukoo mzima. Kusoma hajui hata jina lake.

Kwa hiyo imani bila kitabu haisomeshi mtu. Ni kitabu. Nyumba yenye kitabu chochote, kiwe Biblia, Kurani au daftari la madeni la duka, mtoto wake atasoma. Vijijini kwetu kitabu pekee kinachofika ndani ya nyumba ni cha dini, ndiyo maana tunaona kama dini ndiyo iliyofanya kazi.

Mtani Kokoto, wewe umedai hesabu kwa watu lakini l na r zenyewe Wagogo mnazihesabu kuwa herufi moja.

#12 Kokoto

Mtani nimekusikia, na hilo halina utetezi. Nimeandika "kula" badala ya "kura" kwenye mtihani wa uraia, mwalimu akanizungushia kwa wino mwekundu, "mwananchi ana haki ya kula". Mpaka leo nikiandika neno lenye r napunguza mwendo.

#13 Bint Irangi

Sisi Warangi r tunayo mpaka kwenye jina la kabila, hatuna shida hiyo. Ila tunao wenzetu wanaoogopa kusema "z" mpaka wanasema "dhambarau". Kila kabila na mzigo wake.

#14 Kamusi Kuukuu

Naona mnatafuta uhusiano wa dini na elimu kwenye takwimu, nami nauona ndani ya maneno yetu yenyewe.

"Chuo." Leo ni UDOM, ni VETA. Lakini kwa Kiswahili cha zamani chuo ni kitabu, na "kutia mtoto chuoni" ni kumpeleka kwenye Kurani. Ndiyo maana mwanachuoni bado ni mtu wa dini, wakati mwanachuo ni kijana mwenye mkopo wa serikali. "Kisomo" ni kile cha mama yake Mzee wa Makole, na ni kile pia cha kumsomea maiti au mgonjwa. "Mwalimu" huku vijijini kwetu unaulizwa, mwalimu wa shule au mwalimu wa kanisa? Na Waganda, ambao CMS walikuwa wanawakimbilia walipopita Mpwapwa, kwao "okusoma" ni kusoma na ni kusali vilevile.

Hata misamiati. Wamisionari walipotafsiri hawakuwa na namna ila kuchukua maneno ambayo Uislamu ulikuwa umeshayaweka: dhambi, sadaka, malaika, imani, sala. Mtoto wa kanisani anayesema "dhambi" vizuri anakula kwenye sahani iliyopikwa madrasa.

Kwa hiyo mimi sioni ajabu darasa la Chaki Nyeupe. Lugha hii imelelewa na vitabu vya dini, basi mtoto aliyelelewa na vitabu hivyo atakuwa mwenyeji ndani yake.

#15 Behewa la Nne

Nashukuru kwa masahihisho Mzee. Ila Kamusi Kuukuu, Kurani inasomwa Kiarabu, si Kiswahili. Mtoto anakariri asichokielewa. Hiyo inaongezaje Kiswahili?

#16 Kamusi Kuukuu

Behewa, tarjama za Kiswahili zipo siku nyingi. Godfrey Dale, mmisionari, alitoa yake 1923. Sheikh Mubarak Ahmad wa Ahmadiyya, 1953. Na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, 1969, ambayo ndiyo iko kwenye rafu za misikiti mingi. Ustadhi akimaliza kusomesha aya anaifasiri kwa Kiswahili, na Kiswahili chake si cha mtaani. Keti nje ya msikiti Ijumaa usikilize hotuba.

#17 Daftari la Utafiti

Kuhusu kukariri nina jambo. Liberia kuna watu wanaitwa Wavai. Wana kusoma kwa namna tatu: Kiingereza cha shuleni, herufi zao wenyewe walizozibuni, na Kiarabu cha Kurani. Sylvia Scribner na Michael Cole walikaa nao miaka ya 1970 na kuandika kitabu kilichotoka 1981. Walitaka kujua kama kujua kusoma kunaifanya akili iwe kali kwa kila kitu. Hawakuliona hilo. Waliona kila namna ya kusoma inanoa kile inachokifanyia kazi. Waliosoma Kurani walifanya vizuri kwenye zoezi la kukumbuka orodha inayoongezwa neno moja moja kwa mpangilio wake, jinsi wanavyohifadhi aya. Waliokwenda shule waliwazidi wengine kwenye kueleza kwa nini wamejibu walivyojibu.

Kwa hiyo swali la mwalimu labda lingegawanywa. Kusoma kwa sauti bila kukwama ni ujuzi mmoja. Kuelewa andiko usilolijua ni ujuzi mwingine. Mpe yule binti wa "amwaminiye" kitu ambacho hakijawahi kusomwa kanisani, halafu muulize kinasema nini.

#18 Mama wa Zamu

Mimi ni nesi, nimezaliwa Mvumi. Sijasoma tafiti hizo, nasema ninachokijua.

Nyumbani tulikuwa wasichana wanne. Baba alitaka kuwasomesha wavulana tu. Aliyekwenda kumsihi ni mke wa mchungaji. Alikuja mara tatu. Mara ya tatu alikuja na sare mkononi, akaiweka juu ya kigoda, akaondoka bila kusema neno. Nilivaa ile sare. Wadogo zangu wawili wakafuata. Dada yetu mkubwa alikuwa ameshaolewa, na mpaka leo akija kliniki namsomea kadi yake mimi.

Kwa hiyo mtu akiniambia imani haihusiki na elimu, namuuliza, ile sare ililetwa na nani?

#19 Daftari la Utafiti

Mama wa Zamu, uliyoyaishi yana ushahidi mpana. Mchumi Nathan Nunn alifuatilia misheni za wakati wa ukoloni Afrika nzima, akaona palipokuwa na misheni za Kiprotestanti wanawake wa leo wamesoma zaidi, wakati za Kikatoliki zilisaidia zaidi wanaume. Sababu mojawapo ni ile ile ya kitabu: Mprotestanti alitaka kila mtu ajisomee Biblia mwenyewe, mwanamke pia.

#20 Mkesha

Nilisita kuandika hapa. Mimi nilikuwa mtoto wa kusoma neno. Nilisoma mbele ya kanisa tangu darasa la nne, nikaenda sekondari, nikaenda chuo. Mwaka wa pili nilianza kuuliza maswali ambayo mchungaji wetu alinijibu kwa kunikemea mbele ya watu. Sijarudi. Sikuondolewa na elimu ya darasani. Nilitolewa na kukosa mahali pa kuuliza.

Lakini Kiswahili changu mpaka leo ni cha Biblia. Naandika barua za ofisini, bosi anasema naandika kama nabii. Imani ilitoka, lugha ikabaki. Kwa hiyo vitu hivi viwili kumbe vinaachana.

#21 Mzee wa Makole

Mkesha, pole mwanangu. Kuuliza si dhambi. Aliyekukemea alikosea.

Mimi nilisoma shule ya msingi sina dini, nikabatizwa nikiwa na miaka 40, baada ya kusoma sana. Kitabu kikakutoa wewe, kikaniingiza mimi.

#22 Mnyaturu wa Ilongero

Mmesahau lugha ya nyumbani. Mtoto anayeongea Kigogo, Kinyaturu au Kisandawe mpaka anafika darasa la kwanza, Kiswahili kwake ni kigeni. Kule Kwa Mtoro watoto wana lugha ya kugonga ulimi kabisa. Mahali pekee anapokisikia Kiswahili kabla ya shule ni ibadani, au kwenye simu ya mtu. Hapo kanisa na msikiti ni shule ya awali hata kama hakuna aliyekusudia hivyo.

#23 Mama wa Zamu

Ila kwetu ibada nyingine zilikuwa Kigogo. Agano Jipya la Kigogo lipo tangu 1899. Bibi alisoma hilo tu, Kiswahili alikipata uzeeni.

#24 Kokoto

Mwalimu, hesabu zangu ziko wapi?

#25 Chaki Nyeupe

Nimerudi. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na mitihani ya muhula.

Kokoto, nimewapitia wote 84. Wanaokwenda ibadani au madrasa kila wiki ni 61. Wasiokwenda kabisa, au mara chache, ni 23. Katika 61, wanaosoma vizuri ni tisa. Katika 23, ni wawili. Tofauti ipo, ila si ile niliyokuwa nayo kichwani nilipofungua uzi.

Nikawagawa zaidi. Wanaosoma neno mbele ya kanisa wako watano, wanne wanasoma vizuri. Madrasa wako 19, watatu. Kwaya 12, wawili. Wanaokwenda kanisani na kukaa tu wako 25, hakuna hata mmoja.

Nikasema nimepata jibu: ni kusoma mbele za watu. Nikaenda kwa mwinjilisti kumweleza. Akacheka. Akaniambia, "Mwalimu, hao nimewachagua kwa sababu walikuwa wanajua kusoma tayari." Nikanyong'onyea. Halafu akafikiri kidogo akaongeza, "Isipokuwa yule mjukuu wa bibi wa kisimani. Huyo hakuwa anajua kitu. Bibi yake aliniomba sana. Nilikuwa namsomea mstari mmoja mmoja Ijumaa na Jumamosi mpaka anaushika." Huyo ndiye binti wa "amwaminiye".

Wale wawili wasiosali: mmoja baba yake ana duka, mtoto ndiye anayeandika daftari la madeni. Mnyaturu, umelitaja hilo bila kumjua. Wa pili dada yake yuko sekondari, wanalala chumba kimoja.

Na jaribio la Daftari nimelifanya. Nilichukua maelezo ya dawa ya kuogeshea mbuzi, yale ya kwenye chupa. Wote 11 wakasoma. Binti wa kisimani aliyasoma kwa sauti ya mimbari, vizuri ajabu, mpaka "tikisa kabla ya kutumia" ikawa kama amri ya mbinguni. Nikamuuliza, maji kiasi gani kwa dawa kiasi gani? Hakujua. Mtoto wa duka alisoma kwa kujikwaa, akajibu sawasawa, na akaniambia na chupa nzima itatosha mbuzi wangapi. Mmoja wa madrasa alisoma mara moja, akanirudishia chupa, akataja vipimo vyote bila kutazama. Mwenzake wa madrasa hiyo hiyo hakukumbuka hata kimoja.

#26 Mkesha

Mwalimu, mpe yule binti chupa arudi nayo nyumbani.

#27 Kokoto

Wanne kati ya watano, ila watatu walichaguliwa wakiwa wanajua. Mmoja tu ndiye aliyefundishwa pale. Mmoja hatoshi kusema lolote. Na yule wa tano anayesoma neno lakini kwako alikwama, habari yake ni ipi?

#28 Chaki Nyeupe

Wa tano anakariri. Mama yake anamsomea usiku, asubuhi anasimama na Biblia imefunguliwa, macho hayaendi kwenye mistari. Kanisa zima halijui. Sitamtaja.

Nimezungumza tena na mwinjilisti. Amekubali kuchukua watoto wawili ambao hawajui kusoma kabisa, niwachague mimi, awasomeshe mstari mmoja mmoja Ijumaa na Jumamosi kama alivyomfanyia yule binti. Ustadhi naye nimemwendea, anafikiria kufanya hivyo na tarjama. Zamu ya kwanza kanisani ni Jumapili ijayo, mistari miwili tu.

#29 Bint Irangi

Wasikilize kabla hawajaanza, uandike tarehe. Na usimwambie mtu yeyote kanisani kwamba unawapima.